Kilo Mia Mgongoni

Kila mavuno yanapoanza, habari ya lumbesa hurudi. Wakuu wa mikoa huikemea, maofisa wa vipimo husimamisha magari njiani, na wakulima wa viazi wa Njombe na wa vitunguu wa Mang'ola hueleza namna mnunuzi anavyoongeza kipande cha gunia jingine juu, akakifuma kwa kamba, kisha akalipa bei ya gunia moja. Wana haki ya kulalamika. Gunia linalohesabiwa kuwa la kilo 100 likijazwa hivyo huweza kufika kilo 130 na zaidi, na hizo za juu ni jasho la mkulima linalokwenda bure. Lakini kwa muda wote niliofuatilia mjadala huo, sijasikia mtu akiuliza gunia hilo likifika mjini linashukaje kwenye gari.

Linashuka kwa mgongo wa mtu. Nilipokosa nafasi ya kidato cha tano nilikwenda Dar es Salaam kwa mjomba, nikazunguka na barua za maombi ya kazi mpaka viatu vikaisha soli, mwishowe nikapokelewa kwenye ghala moja la nafaka upande wa Tandale. Nilianza kama kuli. Baadaye, kwa kuwa mwandiko wangu ulisomeka, nikapewa daftari na kalamu nikakaa mlangoni kama karani wa kuhesabu magunia. Kazi hizo mbili zilinifundisha jambo ambalo miaka ya masomo iliyofuata haikulibatilisha: mgongo wa mfanyakazi huvunjwa na mpango wa kazi, na mpango huo huwa umewekwa na watu ambao hawabebi kitu.

Tulifanya kazi kwa makundi. Wawili walikuwa juu ya gari, wakinyanyua gunia na kulitua kwa mbebaji aliyesimama chini ametoa mgongo kwenye bodi. Mbebaji alipita juu ya ubao hadi ndani, akapanda ngazi za magunia, akalibwaga juu ya rundo. Mpita njia angesema anayeumia ni mbebaji, maana ndiye anayeonekana kulemewa. Sisi wa ndani tulijua vingine. Walioshika viuno jioni walikuwa zaidi wale wawili wa juu ya gari. Mbebaji mzigo umemkalia mwilini, na uti wa mgongo umesimama chini yake. Mwenzake wa juu huinama, hushika pembe za gunia lisilo na mshikio, hulivuta kutoka mbali, kisha hujipinda kiuno ili aligeuze. Misuli inayotuinua tunapoinama iko sentimita 5 hivi nyuma ya katikati ya pingili, na mzigo uko mbele kiasi cha nusu mita. Kwa hiyo kunyanyua kilo 50, yaani fungu la mmoja kati ya wawili, huilazimisha misuli hiyo kuvuta kama mara kumi ya uzito huo, na nguvu yote huishia kuziminya pingili za chini na diski zilizo kati yake. Hapo uzito wa kiwiliwili chenyewe bado haujahesabiwa.

Diski ni duara la nyuzi ngumu lenye ute mzito katikati. Kwa mtu mzima karibu haina mishipa ya damu, ndiyo maana ikichanika hupona kwa shida sana. Ute ukipenya kwenye nyuzi zilizochanika huweza kuukandamiza mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni, na hapo ndipo mtu husikia moto kutoka kiunoni hadi kwenye kidole. Madaktari wawili wa Boston, Mixter na Barr, walilieleza jambo hili vizuri mwaka 1934.

Ute huo hunywa maji usiku tukiwa tumelala. Mtu huamka akiwa mrefu kidogo kuliko alivyolala, na asubuhi diski huwa zimejaa na kukaza, kiasi kwamba kuinama mara tu baada ya kuamka huzibana kuliko kuinama mchana. Sasa tazama ratiba yetu. Magari ya Sumbawanga na Songea yaliingia usiku. Makuli walilala palepale juu ya magunia matupu wasije wakapitwa na zamu, na saa kumi na moja alfajiri nyapara alipita akigonga bati: “Gari, gari!” Mtu alitoka usingizini akapanda juu ya bodi, akashika gunia la kwanza kabla hajanawa uso. Ratiba hiyo ilitokana na mwenye gari kutaka kutoka mjini kabla ya foleni, na mwenye mzigo kutaka wanunuzi wa mapema. Katika mapatano yao hakuna aliyefikiria mgongo wa mtu.

Malipo nayo yalikuwa kwa gunia, tukigawana kama kundi. Mfumo huu unasifiwa kwamba unamtuza mwenye bidii. Niliouona ulifanya mengine: aliyechoka alisukumwa na wenzake, kwa kuwa kila dakika aliyosimama ilikuwa pesa yao. Nyapara hakuhitaji kumkaripia mtu. Tulikaripiana wenyewe.

Katika kundi letu alikuwepo mtu wa Rufiji tuliyemwita Babu, ingawa nadhani alikuwa hajafika miaka 50. Alikuwa fundi wa kazi ile. Alijua gunia la ufuta linavyotoroka mkononi na gunia la mchele linavyokaa, na vijana wageni waliwekwa naye juu ya gari ili wajifunze. Siku moja, gari la mahindi likiwa karibu kumalizika, kijana aliyekuwa naye aliteleza juu ya punje zilizomwagika. Upande wake ukashuka, uzito wote ukamhamia Babu akiwa ameinama na amejipinda. Hakupiga kelele. Alikaa, akasema tu, “Kiuno kimelia.” Kabla hajateremka, mwingine alikuwa ameshapanda mahali pake.

Kesho yake alirudi kazini, maana asiyebeba halipwi. Maumivu yakaanza kushuka kwenye tako, nyuma ya paja, hadi kidole gumba cha mguu. Nyumbani walimkanda kwa maji ya moto, jirani akamchua kwa mafuta, duka la dawa likamuuzia vidonge vya maumivu. Siku kadhaa baadaye mkewe alinifuata pale mlangoni, akanivuta pembeni.

“Mwanangu karani,” aliniambia kwa sauti ya chini, “mwenzenu tangu jana hajakojoa. Na huku,” akagusa paja lake kwa ndani, “anasema hapasikii kitu.”

Tulimbeba kwa mkokoteni hadi barabarani tukapata gari. Daktari aliyempokea alitueleza kwamba chini kabisa ya uti wa mgongo mishipa ya fahamu hutawanyika kama fungu, mingine ikiendesha miguu, mingine kibofu, haja kubwa na viungo vya uzazi. Diski ikilisukuma fungu zima, mgonjwa anatakiwa apasuliwe upesi, na wakati wake unahesabiwa kwa saa. Babu alikuwa amepitisha siku. Alipasuliwa, akanusurika, akarudi Rufiji akitembea kwa gongo na mpira wa mkojo ukiwa umefungwa pajani.

Nalieleza hili waziwazi kwa sababu bado naona watu wanachuliwa hadi wanapitwa na muda. Maumivu mengi ya kiuno hupoa yenyewe ndani ya wiki chache, na kutembeatembea husaidia kuliko kulala kitandani. Lakini mtu mwenye maumivu ya kiuno akianza kushindwa kukojoa, au kujikojolea bila kujua, au akapata ganzi sehemu za siri na mapaja kwa ndani, au miguu ikalegea, huyo apelekwe hospitali kubwa saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Mpwa wake alikuja baadaye kuuliza kama kuna fidia. Nilifungua daftari pamoja naye. Lilikuwa na namba ya gari, aina ya nafaka, mahali ilikotoka, idadi ya magunia na jina la mwenye mzigo. Jina la Babu halikuwemo. Hakuna kuli aliyekuwemo, kwani daftari lilitengenezwa kwa ajili ya magunia. Mwenye ghala alitoa pole na nauli.

Tanzania sasa ina Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na mfuko wake ulianza kazi mwaka 2015. Mwajiri anachangia, na mfanyakazi akiumia kazini hugharimiwa matibabu na kulipwa fidia. Ni hatua kubwa na ninaiheshimu. Ila mfuko unahitaji kumjua mwajiri. Deiwaka, yaani kibarua wa siku, analipwa na kundi, kundi linalipwa na dalali, dalali analipwa na mwenye mzigo, na ghala ni la mtu wa nne. Ukimuuliza kila mmoja wao, atakuonyesha mwenzake.

Niliondoka ghalani nikasomea usalama na afya mahali pa kazi, na kwa muda mrefu kazi yangu ikawa kuzunguka viwandani, kwenye mashamba na bohari. Karibu kila nilikofika nilikuta picha ileile ukutani: mtu amechuchumaa, mgongo umenyooka, ameshika boksi. Chini yake maneno ya kumtaka mfanyakazi anyanyue kwa miguu. Ushauri si mbaya. Mzigo ukiwa karibu na mwili mgongo hupata nafuu, nimeshaeleza kwa nini. Lakini watafiti walipokusanya majaribio ya nchi mbalimbali na kuwalinganisha wafanyakazi waliofundishwa kunyanyua na wasiofundishwa, hawakuona kwamba mafunzo peke yake yanapunguza maumivu ya mgongo. Mkanda wa kiunoni, ambao waajiri wengi huununua wakadhani wamemaliza wajibu, nao haukuonyesha kinga inayoaminika. Ukiwahi kusimama kwenye bodi ya gari huhitaji majaribio hayo. Hakuna mahali pa kuchuchumaa. Gunia halipiti katikati ya magoti. Picha ya ukutani inamtaka kuli arekebishe kwa goti lake kosa lililofanyika huko nyuma, gunia liliposhonwa.

Kosa lenyewe ni kilo. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba namba 127 kuhusu uzito wa juu anaoweza kubebeshwa mfanyakazi mmoja, na pendekezo lililoambatana nao likataja kilo 55 kwa mwanamume mtu mzima. Taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama kazini ilipopanga upya hesabu yake ya kunyanyua mizigo mwaka 1991, ilianzia kilo 23, na hizo ni kwa hali nzuri kabisa: mzigo uko karibu na mwili, kwenye kimo cha kiuno, una mshikio, mtu hajipindi wala hakimbizwi. Kila hali inapoharibika, kiwango hushuka. Ukiziingiza hali za gari letu la alfajiri katika hesabu hiyo, kinachobaki ni kilo chache sana.

Wala hatuna haja ya kwenda ng'ambo. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi waliotembea kati ya Tabora na Bagamoyo walibeba kwa kawaida kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na mzigo ukizidishwa walikataa au waliukimbia msafara. Walikuwa watu wenye nguvu na uzoefu, na walijua mwili unataka nini ili ufike. Leo, kwenye Mlima Kilimanjaro, mzigo wa mpagazi wa watalii una kikomo cha kilo 20 na hupimwa kwenye mizani langoni. Siwezi kusema hakuna anayedanganya huko, lakini kikomo kipo, mizani ipo, na mpagazi ana mahali pa kusimama akisema mzigo umezidi. Kuli wa nafaka, kwenye nchi hiyohiyo, anabebeshwa mara tano ya hapo, na sheria ya vipimo inapofanikiwa kabisa kuizuia lumbesa inamrudisha kwenye kilo 100.

Kuna hoja ambazo siwezi kuzipita. Ya kwanza ni kwamba si kila abebaye huumia. Kweli. Pale ghalani alikuwepo mzee aliyebeba ujana wake wote, akastaafu amenyooka. Utafiti wa pacha wa Finland katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba tofauti ya uchakavu wa diski kati ya mtu na mtu inaelezwa zaidi na urithi kuliko na kazi. Hata watu wasio na maumivu yoyote wakipigwa picha, wengi wao hukutwa na diski zilizovimba. Nimewahi kumsikia meneja akiutumia ushahidi huo kusema kwamba kazi haina lawama. Mimi nauona unasema kinyume. Kama hatuwezi kumtambua kwa macho aliyezaliwa na diski dhaifu, kazi inapaswa kupangwa kwa namna ambayo hata yeye ataimudu. Urithi hakuna wa kuubadilisha. Gunia lina wa kulibadilisha.

Ya pili inatoka kwenye kiwanda cha ndege cha Boeing, ambako wafanyakazi zaidi ya 3,000 walifuatiliwa miaka ya 1980. Walioichukia kazi yao waliripoti maumivu ya mgongo zaidi kuliko walioipenda. Wapo waliokimbilia kusema basi maumivu yako kichwani. Haya si maelezo ya mtu aliyewahi kufanya kazi ya kukimbizwa. Anayeogopa kufukuzwa hapumziki anapochoka, haombi msaada, misuli yake imekaza kutwa nzima, na akiumia anaficha maumivu mpaka hayawezi kufichika tena. Mahali ambapo mtu anaruhusiwa kusema “hili limenizidi, nisaidieni”, mgongo wake una kinga ambayo mkanda hauwezi kumpa.

Na makuli wenyewe wana hoja ya tatu, nzito kuliko zote mbili. Nilipowaeleza habari ya gunia la kilo 50 walinijibu, “Kaka, tutalipwa nusu.” Wako sahihi. Ukipunguza gunia ukaacha malipo ya kwa gunia yabaki bei ya nusu, umempa mtu safari mara mbili kwa ujira uleule. Ndiyo maana gunia dogo lazima liende pamoja na malipo ya kwa tani, na bei ipande kidogo kufidia muda. Wengine huuliza faida iko wapi ikiwa jumla ya mzigo ni ileile. Iko hapa: nyuzi za diski hufanana na waya wa kufungia gunia, ambao ukiukunja kidogo unadumu, ukiukunja sana unakatika upesi. Mara mbili za kilo 50 hazilingani na mara moja ya kilo 100.

Kuli si peke yake. Barabara ya Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, na dereva wa lori huipita akitikiswa kwenye kiti kilichochoka. Uti wa mgongo wa aliyekaa huitikia zaidi mtikisiko wa mara 4 hadi 6 kwa sekunde, na magari makubwa hutikisa katika kiwango hichohicho. Mwaka 1975 watafiti Kelsey na Hardy walionyesha kwamba wanaume wanaoendesha magari nusu ya muda wao wa kazi au zaidi walikuwa na uwezekano kama mara tatu wa kupata diski iliyotoka. Kisha dereva huyo anaruka chini na kusaidia kushusha, bila hata robo saa ya kutembea. Shangazi yangu alikuwa muuguzi. Wodini kwao vitanda vilikuwa vya kimo kimoja, usiku wako wawili, na mgonjwa wa kugeuzwa anaweza kuwa na kilo 90. Alistaafu mapema kwa sababu ya kiuno. Mgonjwa huwezi kumfunga kwenye mifuko ya nusu nusu. Kwa hiyo huko dawa ni kitanda kinachopanda na kushuka, shuka la kutelezeshea na watu wa kutosha kwenye zamu.

Nafaka na saruji ni jambo jepesi zaidi. Saruji, ambayo kwetu mfuko ni kilo 50, katika nchi nyingi za Ulaya imeshushwa hadi kilo 25, na majengo bado yanajengwa. Kenya, kwa kanuni za viazi za mwaka 2019, iliweka kilo 50 kuwa mwisho wa mfuko wa viazi. Wafanyabiashara walivutana nayo na bado wanavutana, lakini kiwango kimeandikwa na mkulima anaweza kukitaja.

Wakala wa Vipimo wanayo mizani, na magari tayari yanasimamishwa. Ninachowaomba wao na wizara zinazohusika ni kwamba gunia lolote litakalobebwa na mtu lisizidi kilo 50, na upakuaji ulipwe kwa tani. Nanyi wenye maghala hamna sababu ya kuisubiri kanuni hiyo. Agizeni mifuko ya kilo 50 msimu huu, nunueni toroli, sogezeni kazi ya alfajiri mbele kwa saa moja watu wapate kunywa chai na kunyoosha mwili, na kila gari linaposhushwa andikeni majina ya walioushusha mzigo.